CARIFTA: Mashindano ya Pasaka yanayoibua mabingwa wa dunia kutoka visiwa vidogo

Jumamosi ya Agosti 3, 2024, saa nne usiku ilikuwa imeshapita kwa saa za Afrika Mashariki wakati wanawake wanane walipojipanga kwenye mstari wa mita 100 jijini Paris. Mvua ilikuwa inanyesha. Wengi tulikuwa tunamtazama Mmarekani Sha'Carri Richardson, bingwa wa dunia wa wakati ule. Sekunde 10.72 baadaye aliyekuwa mbele hakuwa Mmarekani wala Mjamaika. Alikuwa Julien Alfred wa Saint Lucia, na hiyo ndiyo ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yake.

Usiku huohuo, kwenye uwanja huohuo, Thea LaFond wa Dominica aliruka mita 15.02 katika miruko mitatu na kutwaa dhahabu. Nayo ikawa medali ya kwanza kabisa ya nchi yake.

Jumatatu asubuhi, tulipozisoma taarifa hizo kwenye kipindi cha michezo, simu ya studio ilijaa ujumbe. Msikilizaji mmoja aliuliza, "Saint Lucia ni mkoa wa nchi gani?" Mwingine akauliza swali zito zaidi: "Kama watu wachache hivyo wanaweza, sisi tunakwama wapi?"

La kwanza nililijibu hapohapo hewani. La pili lilihitaji muda, na makala hii ni jaribio la kulijibu. Ili tuelewane, tunaanza na mashindano ambayo wengi wetu hatuyafuatilii, lakini ambayo karibu kila mwanariadha mkubwa wa Karibi ameyapitia akiwa bado anavaa sare za shule. Yanaitwa CARIFTA.

Visiwa hivi vina ukubwa gani?

Saint Lucia ni nchi huru yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 617 na watu wapatao 180,000. Kisiwa cha Unguja peke yake ni kikubwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa idadi ya watu, Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, yaani zaidi ya mara kumi ya Saint Lucia.

Dominica ina watu wapatao 70,000. Ukiwakusanya wote pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, wenye viti 60,000, uwanja utajaa na wachache watabaki nje ya geti. Grenada ina watu kama 110,000 hivi. Saint Kitts na Nevis ni ndogo kuliko zote hizo, ina watu wapatao 50,000.

Hata Jamaika, ambayo sisi tunaiona kama taifa kubwa la riadha, ina watu wapatao milioni 2.8 tu.

Tanzania Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Hadi leo medali zetu za Olimpiki ni mbili, zote za fedha, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980 kupitia Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Nazitaja namba hizi si kwa kukebehi. Nazitaja kwa sababu ndizo zilizo nyuma ya swali la yule msikilizaji.

Jina CARIFTA limetoka wapi?

Ajabu ya kwanza ya mashindano haya ni jina lake, maana halihusiani na michezo hata kidogo. CARIFTA ni kifupisho cha jina la Kiingereza la Jumuiya ya Biashara Huria ya Karibi.

Mwaka 1958 makoloni kadhaa ya Uingereza katika Bahari ya Karibi yaliunganishwa kuwa shirikisho moja, kwa matumaini ya kuwa nchi moja baadaye. Shirikisho hilo halikudumu. Jamaika ilijitoa, Trinidad na Tobago ikafuata, na mwaka 1962 likavunjika. Visiwa vikaanza kujipatia uhuru kimoja kimoja. Lakini biashara na undugu vilibaki, na mwaka 1968 jumuiya ya biashara ya CARIFTA ikaanza kazi. Haikuchukua muda mrefu, kwani mwaka 1973 mkataba mpya ulisainiwa na ikazaliwa CARICOM, Jumuiya ya Karibi iliyopo hadi leo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hadithi hii si ngeni. Sisi nasi tulikuwa na Jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1967, ikavunjika mwaka 1977, na tukaja kuifufua baada ya zaidi ya miaka 20.

Ni katika kipindi hicho cha kutoka jumuiya moja kwenda nyingine ndipo Austin Sealy, aliyekuwa rais wa chama cha riadha cha Barbados, alipokuja na wazo la mashindano ya riadha ya vijana. Mwaka 1972 michezo ya kwanza ilifanyika Bridgetown, mji mkuu wa Barbados. Jumuiya ya biashara iliyoyapa jina ilikufa mwaka uliofuata. Mashindano yakaendelea kuwepo, na jina likabaki.

Sealy alifanya jambo jingine la maana. Hakuyafungia mashindano kwa nchi zinazozungumza Kiingereza pekee. Visiwa vinavyozungumza Kifaransa na vile vyenye asili ya utawala wa Kiholanzi navyo vilikaribishwa. Ndiyo maana leo utawakuta vijana wa Martinique, Guadeloupe na Curaçao wakikimbia pamoja na wenzao wa Jamaika na Bahamas. Maeneo ambayo si nchi huru, kama Bermuda, Visiwa vya Cayman na Turks na Caicos, nayo hupeleka timu zake. Zipo pia nchi za bara ambazo kihistoria ni ndugu wa Karibi, kama Guyana na Suriname.

Mashindano yanaendeshwaje?

Utaratibu wake ni rahisi, na nadhani urahisi huo ni sehemu ya siri yake.

Kwanza, yana wakati wake. Hufanyika kila mwaka kipindi cha Pasaka, kwa kawaida Jumamosi, Jumapili na Jumatatu ya Pasaka. Mtoto wa Grenada anajua tangu Septemba kwamba Pasaka ikifika kuna CARIFTA. Kocha naye anapanga mazoezi yake kwa kuhesabu wiki kurudi nyuma kutoka siku hiyo.

Pili, ni ya vijana tu. Yapo makundi mawili, wenye umri chini ya miaka 17 na wenye umri chini ya miaka 20, wavulana na wasichana. Ukishavuka umri huo, mlango umefungwa.

Tatu, yana karibu michezo yote ya riadha. Zipo mbio fupi, mbio za kati, mbio za kuruka viunzi, kuruka juu, kuruka chini, miruko mitatu, kurusha tufe, kisahani na mkuki, pamoja na mbio za kupokezana vijiti, ambazo ndizo hupigiwa kelele kuliko zote. Mbio ndefu, ambazo ndizo fahari ya ukanda wetu, kule si nguvu yao.

Nne, kila nchi inajilipia nauli na kuchuja timu yake nyumbani, halafu wenyeji huzunguka kutoka kisiwa kimoja hadi kingine. Mwaka 2022 ilikuwa Kingston, Jamaika. Mwaka 2023 ilikuwa Nassau, Bahamas. Mwaka 2024 ikawa Grenada, kwenye uwanja unaobeba jina la Kirani James, na mwaka 2025 ikawa Port of Spain, Trinidad, kwenye uwanja unaobeba jina la Hasely Crawford.

Majina ya viwanja hivyo viwili yanasema mengi. Crawford ndiye aliyeipa Trinidad na Tobago dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 100 mwaka 1976 kule Montreal. Kirani James, mzaliwa wa mji wa Gouyave, aliipa Grenada dhahabu yake ya kwanza mwaka 2012 London, mita 400 kwa sekunde 43.94. Mtoto wa miaka 15 anayeingia uwanjani hapo anakuta jina la mtu wa kwao limeandikwa juu ya geti. Na James mwenyewe, kabla ya jina lake kupanda pale, alikuwa mtoto wa CARIFTA.

Mwishoni mwa mashindano, mwanariadha aliyewazidi wote hupewa Tuzo ya Austin Sealy, kwa heshima ya mwanzilishi.

Nani wamepitia hapo?

Tuanze na anayejulikana kuliko wote. Mwaka 2001 kijana wa Jamaika mwenye umri wa miaka 14 alikwenda Bridgetown kwenye CARIFTA yake ya kwanza. Alikimbia mita 200 na 400. Zote mbili akawa wa pili. Jina lake Usain Bolt.

Alirudi tena na tena. Mwaka 2003 kule Trinidad alichukua dhahabu nne pamoja na Tuzo ya Austin Sealy. Mwaka 2004 kule Bermuda, akiwa na miaka 17, alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.93. Hakuna kijana wa chini ya miaka 20 aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 20 kabla ya siku hiyo. Rekodi hiyo ilikaa miaka 17, hadi Mmarekani Erriyon Knighton alipoivunja mwaka 2021.

Hapa kuna funzo ambalo makocha wetu wangependa kulisikia. Miezi michache baada ya ile rekodi, Bolt alikwenda Olimpiki ya Athens akiwa na maumivu ya mguu na akatolewa raundi ya kwanza. Dunia ilisubiri hadi Beijing mwaka 2008 kuona alichoweza kufanya akiwa mzima. Miaka minne nzima. Kipaji cha miaka 17 ni ahadi tu, na ahadi inahitaji mtu wa kuitunza.

Yohan Blake, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2011, alikimbia sekunde 10.11 kwenye CARIFTA ya mwaka 2007 iliyofanyika Turks na Caicos. Anderson Peters wa Grenada, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka 2019 na 2022, naye ni zao la mashindano haya. Bahamas inaye Shaunae Miller-Uibo, aliyeshinda mita 400 katika Olimpiki mbili mfululizo, Rio na Tokyo. Huko Tokyo upande wa wanaume dhahabu ya mita 400 ilichukuliwa pia na Mbahama, Steven Gardiner. Nchi moja yenye watu wapatao 400,000, mbio moja, dhahabu zote mbili.

Na yupo Julien Alfred. Alizaliwa mwaka 2001 Castries, Saint Lucia. Baba yake alifariki akiwa na umri wa miaka 12, na kwa muda aliacha kukimbia. Akiwa na miaka 14 aliondoka nyumbani kwenda Jamaika kusoma na kufanya mazoezi, na baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani. Katikati ya safari hiyo alivaa jezi ya Saint Lucia kwenye CARIFTA, na mwaka 2018 akachukua fedha ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Vijana kule Buenos Aires.

Kwa nini Jamaika inatawala?

Ukifungua jedwali la medali la CARIFTA utaona jambo moja haraka sana, kwamba Jamaika iko juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Bahamas iliwahi kuisumbua, lakini tangu hapo imekuwa kazi ngumu kuishusha Jamaika kwenye nafasi ya kwanza.

Sababu haianzii kwenye CARIFTA. Inaanzia kwenye mashindano ya shule za sekondari za Jamaika ambayo wenyewe huyaita "Champs". Yale ya wavulana yalianza mwaka 1910. Ya wasichana yalianza mwaka 1957, na yote mawili yakaunganishwa mwaka 1999. Hufanyika Kingston, muda mfupi kabla ya Pasaka. Uwanja wa Taifa hujaa, watu wakishangilia shule zao kama sisi tunavyoshangilia Simba na Yanga. Mzee wa miaka 70 bado anavaa rangi za shule aliyosoma.

Sababu nyingine ni makocha. Jamaika ina chuo maalumu cha elimu ya viungo na michezo, G.C. Foster, kilichofunguliwa mwaka 1980 kwa msaada wa Cuba. Wahitimu wake wamesambaa shuleni kote nchini. Mwalimu anayemfundisha mtoto kutoka kwenye vizuizi vya kuanzia mbio ana cheti cha kazi hiyo, hakupewa filimbi kwa sababu tu alikuwa na nafasi kwenye ratiba.

Kwa visiwa vidogo, utawala huu wa Jamaika ni mzigo na ni baraka. Ni mzigo kwa sababu kijana wa Saint Vincent anaweza kukimbia muda bora wa maisha yake na bado akaona migongo ya Wajamaika wawili mbele yake. Ni baraka kwa sababu hahitaji kusafiri hadi Ulaya ili ajue kiwango cha dunia kikoje. Kiko kwenye mstari wa pembeni yake, Pasaka kila mwaka, na kina umri sawa na wake.

Mfano mzuri ni fainali ya mita 100 ya ubingwa wa dunia jijini Paris mwaka 2003. Kim Collins wa Saint Kitts na Nevis, akikimbia kwenye njia ya kwanza kabisa, ile ambayo wakimbiaji hawaipendi, alishinda kwa sekunde 10.07. Wa pili, kwa 10.08, alikuwa kijana wa miaka 18 wa Trinidad na Tobago, Darrel Brown. Visiwa viwili vidogo vilichukua dhahabu na fedha mbele ya mataifa makubwa.

CARIFTA haiwezi kufanya nini?

Tusije tukaifanya CARIFTA kuwa dawa ya kila ugonjwa. Ina mipaka yake, na wenyewe wa Karibi wanaijua.

Kwanza, si kila bingwa ametoka humo. Thea LaFond, tuliyemtaja mwanzoni, alihamia Marekani akiwa mtoto mdogo na kukulia huko. Medali ni ya Dominica, lakini sehemu kubwa ya malezi yake ya michezo ilikuwa kwenye shule na vyuo vya Marekani.

Pili, wengi wanaong'ara CARIFTA hawafiki mbali. Darrel Brown mwaka 2003 aliweka rekodi ya dunia ya vijana ya sekunde 10.01, na wengi waliamini ndiye mfalme ajaye. Majeraha yalimwandama, na taji la dunia la mtu mmoja mmoja hakulipata. Majina mengine mengi hayajulikani kabisa nje ya visiwa vyao.

Tatu, usafiri. Ukiitazama ramani utadhani ni safari ya mtumbwi tu kutoka kisiwa hiki hadi kile. Ukweli ni kwamba timu husafiri kwa ndege, na mara nyingi hakuna ndege ya moja kwa moja. Mwaka 2020 shirika la LIAT la Antigua, ambalo kwa miongo mingi lilikuwa likiunganisha visiwa vya mashariki mwa Karibi, lilianguka kifedha. Kwa chama cha riadha cha nchi yenye watu 50,000, tiketi za vijana 20 na makocha wao ni fedha nyingi.

Nne, muda haumsubiri mtu. Mwaka 2020 na 2021 CARIFTA haikufanyika kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Kwa mashindano ya watu wazima miaka miwili ni usumbufu. Kwa mashindano ya vijana ni kizazi kilichopotea. Msichana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 2019, akapanga kwamba mwaka unaofuata ndio mwaka wake wa kuonekana na vyuo vya Marekani, hakuupata tena mwaka huo. Mashindano yaliporejea Kingston mwaka 2022, yeye alikuwa ameshavuka umri.

Tano ni suala la viwanja, na hapa turudi Saint Lucia.

Uwanja uliogeuka hospitali

Kusini mwa Saint Lucia, kwenye mji wa Vieux Fort, kuna Uwanja wa George Odlum. Aprili 2009, Pasaka, uwanja huo ulikuwa mwenyeji wa CARIFTA. Julien Alfred wakati huo alikuwa na miaka saba.

Septemba mwaka huohuo hospitali ya St. Jude, iliyokuwa ikihudumia eneo hilo, iliungua moto. Wagonjwa walihitaji mahali pa kwenda. Wakahamishiwa uwanjani. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wanariadha vikawa wodi. Ilikuwa iwe hifadhi ya muda mfupi, lakini ujenzi wa hospitali ulichelewa mwaka baada ya mwaka, na uwanja ukabaki kuwa hospitali kwa zaidi ya miaka kumi.

Sidhani kuna mtu mwenye moyo anayeweza kusema wagonjwa wangeachwa nje ili watoto wakimbie. Lakini matokeo yake ni kwamba kizazi cha Alfred kilikua bila uwanja mkubwa wa riadha ambao nchi ilikuwa tayari imeujenga. Baada ya kushinda Paris aliwaeleza waandishi wa habari jinsi alivyokuwa akikimbia bila viatu, akiwa amevaa sare za shule, na kwamba anatumaini dhahabu yake itasaidia nchi kupata uwanja mpya. Fikiria mtu ametoka kuwa mwanamke mwenye kasi kuliko wote duniani, na katika maneno yake ya kwanza anaomba mahali pa watoto kufanyia mazoezi.

Ndiyo maana alilazimika kuondoka nyumbani akiwa na miaka 14. Na hapa ndipo penye kidonda cha visiwa vidogo. Kisiwa kinaweza kukigundua kipaji na kukipeleka CARIFTA, lakini mara nyingi hakiwezi kukimalizia. Kinakikabidhi kwa Jamaika au kwa Marekani, kisha kinasubiri kwenye redio na televisheni kuona kitarudi na nini. Mara nyingine kinarudi na dhahabu. Mara nyingi mzazi anabaki na mtoto aliye mbali, shahada pengine imepatikana, mbio zimekwisha.

Sisi tunajifunza nini?

Nirudi kwenye swali la msikilizaji: tunakwama wapi?

Jibu la kwanza ni kwamba hatujakwama kabisa. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa tofauti ya sekunde 0.03, na kuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu ya mashindano hayo. Majirani zetu Kenya, Uganda na Ethiopia hawahitaji kutambulishwa. Kipaji kipo.

Jibu la pili ni kwamba tunazo hata ngazi zinazofanana na zao. Tunayo UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Shule za sekondari za Afrika Mashariki nazo hukutana kila mwaka kwenye michezo ya FEASSA. Kwa karatasi, hatuko nyuma ya Saint Lucia.

Tofauti naiona kwenye mambo matatu.

Moja ni tarehe. Muulize mtoto yeyote wa Karibi mwenye kasi, CARIFTA ni lini, atakujibu. Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye kasi huku kwetu, shindano lake kubwa linalofuata ni lini, na nani atamtazama. Tarehe isiyobadilika haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji kuheshimiwa.

Mbili ni kile kinachofuata. Kule mtoto akishinda, kuna anayeandika jina lake, muda wake na umri wake, na makocha wa vyuo wanalisoma. Huku mara ngapi tumetangaza hewani "mwanafunzi wa shule fulani ameshinda mita 400" bila kutaja alitumia sekunde ngapi, kwa sababu matokeo tuliyoletewa hayakuwa na muda? Mimi mwenyewe nimewahi kusoma matokeo ya namna hiyo, na sikuuliza. Msichana yule pengine alikuwa amekimbia muda wa kumpatia ufadhili wa masomo. Sitajua, naye hatajua.

Tatu ni mwalimu. Jamaika iliamua mwaka 1980 kwamba anayefundisha michezo shuleni awe amesomea kazi hiyo. Matunda yake hayakuonekana mwaka 1981. Yalionekana polepole, darasa baada ya darasa, hadi dunia ilipoanza kuuliza Wajamaika wanakula nini.

Hakuna kati ya hayo matatu linalohitaji kisiwa, bahari wala miujiza. Yanahitaji kalenda, saa ya kupimia muda, daftari na mwalimu aliyefundishwa.

Kwa kumalizia

CARIFTA ilianza kama kumbukumbu ya jumuiya ya biashara iliyokuwa inakaribia kufa. Zaidi ya miaka 50 baadaye, wafanyabiashara wachache sana wanaikumbuka jumuiya hiyo, lakini watoto wa Karibi wanalitaja jina lake kila Pasaka. Kati yao wapo watakaoshika nafasi ya pili mwaka huu kama Bolt wa mwaka 2001, wakalia, wakarudi mwakani.

Pasaka ijayo, ukipata nafasi, tafuta matokeo ya CARIFTA. Usiangalie Jamaika tu. Shuka chini kwenye jedwali, angalia vile visiwa vyenye medali moja au mbili, uone nani alizipata, ana miaka mingapi na amekimbia kwa sekunde ngapi. Utayakuta yote hayo yameandikwa.